Sura ya Saba: Mashati Kwenye Kamba

Kitu kilichomkera Bi Kwanini tangu asubuhi kilikuwa kengele. Mkaguzi wa mizigo wa uwanja wa ndege aliikuta katikati ya begi la mwanamke mmoja aliyewasili, kengele ndogo ya shaba inayoenea kiganjani, imeviringishwa ndani ya soksi ya kiume ili isilie njiani. Aliitikisa mara moja, foleni nzima ikageuka, akairudisha upesi kama aliyeshika kaa la moto. Akauliza mbuzi mwenyewe yuko wapi, na wenzake wakacheka. Mwanamke hakucheka. Alisema tu kwamba ni zawadi ya mume wake, akaifunga vizuri kuliko ilivyokuwa.

Jina la Bi Kwanini hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake wa idara ya uhamiaji, kwa sababu hakuwa mtu wa kufunga jalada kabla swali la mwisho halijajibiwa, hata kama jibu lenyewe halimsaidii mtu. Siku hiyo ndiye aliyekuwa mpelelezi wa uwanja wa ndege, na mkuu wa zamu alimkabidhi kesi ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuihukumu.

Mwanamke alikuwa mwokaji mikate. Alihamia nchi hii akiwa msichana, akaoka hapa miaka mingi, akaolewa hapa na fundi wa majokofu, akapewa ukazi wa kudumu. Kisha mama yake, kule alikozaliwa, akaanguka na kupooza, naye akaenda kumuuguza. Aliaga kwa miezi michache. Alirudi leo baada ya mwaka na nusu, na kibali cha kurejea hana. Sheria ilikuwa haina kona: mkazi wa kudumu akipitisha mwaka nje bila kibali hicho, anahesabiwa amehama, mpaka athibitishe mambo mawili. Kwanza, kwamba alizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Pili, kwamba kwake hapa kulibaki kuwa kwake. Akishindwa, anapandishwa ndege ya jioni, anarudishwa alikotoka.

"Mama yake alizikwa kabla mwaka haujaisha," mkuu wa zamu alisema. "Baada ya hapo alikuwa anamuuguza nani?"

Mwokaji alikuwa amejibu swali hilo. Alisema mume wake ndiye aliyemwambia asubiri, na simu akaitoa mwenyewe isomwe. Bi Kwanini aliisoma akiwa amesimama. Mara mume aliandika kwamba mabomba ya nyumba yamepasuka na sakafu imechimbwa, asije kwanza. Mara anapelekwa hospitali ya mbali, atamwambia akirudi. Mara subiri kidogo, mara bado kidogo. Na kila siku, ujumbe wa mwisho ulikuwa uleule: Lala salama, Mama Mikate.

Kulikuwa na jambo moja. Ukiacha wiki za mwanzo, katika miezi yote hiyo mume hakuwahi kupiga simu hata mara moja, wala mke hakupiga. Bi Kwanini aliuliza kwa nini. Mwokaji aliinua uso, uso wa mtu aliyelala kwenye kiti cha ndege, akasema mume wake ni mgonjwa, na mambo ya mwili wa mume wake hayaweki mezani mbele ya watu. Aliulizwa kama mume anajua kwamba amefika. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema safari hii hakumwambia. Kila akimwambia huambiwa asubiri, basi ameamua kumshtukiza.

Mkuu wa zamu alimsogezea karatasi ya kuukana ukazi kwa hiari. Alimweleza kwa upole kwamba akisaini yataisha hapahapa, na siku nyingine anaweza kuomba viza kama mgeni yeyote.

"Siwezi kusaini kwamba sina kwangu," mwokaji alisema, akairudisha ile karatasi kwa ncha za vidole, vidole vyenye makovu ya tanuri.

Kwenye jalada kulikuwa na taarifa ya simu iliyopigwa idarani mwezi uliopita. Jirani wa mkabala alidai mwenye ukazi amehama kabisa, na mumewe kaweka mwanamke mwingine ndani. Kwa mkuu wa zamu hilo lilikuwa jibu tosha. Bi Kwanini alichukua funguo za gari la idara.

Alianza kwa jirani. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mpangaji mgeni, maboksi yake bado yamepangwa ukumbini hayajafunguliwa. Alieleza kwa uhakika wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni. Mwanamke wa mle ndani anafagia, anafua, anaingia na kutoka. Si yule wa kwenye picha aliyooneshwa na afisa, huyu ni mrefu. Na mume yupo, kwa hiyo hesabu ni rahisi.

"Umewahi kumwona huyo mume?" Bi Kwanini aliuliza.

"Kila wiki naona mashati yake kwenye kamba."

"Nimeuliza mume, mwalimu. Sikuuliza mashati."

Mwalimu alivua miwani. Kwa kweli, alisema, yeye mwenyewe hapana.

Bi Kwanini alivuka barabara. Mashati yalikuwepo, matano, ya buluu ya kazi, yamebanwa kwa vibanio uani. Hakubisha hodi mara moja. Aliyashika moja moja. Shati la fundi huchakaa kwenye kola na viwiko, na haya kola zake zilikuwa safi kama za dukani. Yalikuwa yamepauka mabegani tu, pale jua linapopiga nguo ikiwa kambani. Alisimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia, kisha akabisha.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu aliyevaa aproni. Alipooneshwa kitambulisho alisogea pembeni bila kuuliza, jambo ambalo watu wasio na kitu moyoni hawalifanyi. Alisema yeye ni dada wa mwenye nyumba, wifi yake mwokaji. Kaka yake katoka. Atarudi saa ngapi, inategemea.

Mawifi wana sifa yao, na Bi Kwanini alikuwa na mawifi watatu. Alishaanza kuiona ripoti: wifi kaingia kwa wifi yake, kamfungia mlango kwa nyuma, na kaka kashikwa masikio. Ingekuwa ripoti nzuri, fupi, na ndege ya jioni ingeondoka na abiria wake. Lakini nyumba ilikataa. Chumbani, nguo za mwokaji zilikuwa kabatini, zimefunikwa shuka zisipate vumbi. Jikoni, mikebe yake ya kuokea mikate ilikuwa imepakwa mafuta isishike kutu, na kinu cha unga kimefungwa mdomo. Wifi anayepora nyumba hafanyi kazi hiyo. Sakafu ilikuwa ya zamani, haijawahi kuchimbwa, na mabomba yalikuwa mazima.

Mlangoni kulikuwa na viatu vya kazi vya kiume, vimepigwa rangi vikang'aa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nyayo hazikuwa na tone la tope.

Na juu ya meza ya jikoni ulining'inia ubao mdogo wa watoto wa shule, na kipande cha chaki kwenye uzi. Mtu alikuwa ameandika, kwa mwandiko uliolala upande: Maji ya vuguvugu. Chini yake, kwenye rafu, chupa za dawa ya koo, mbili hazijafunguliwa. Bi Kwanini alinyoosha kidole kuelekea ule ubao.

"Usifute," wifi alisema.

Hakupaza sauti, lakini ilikuwa mara ya kwanza kusema neno ambalo hakuulizwa. Bi Kwanini alirudisha mkono. Alitoa simu yake, akatafuta namba aliyoinakili uwanja wa ndege, namba ya mume, akapiga. Simu iliita papo hapo, ndani ya mfuko wa ile aproni. Iliita na kuita. Wifi aliiacha iite, macho yakiwa dirishani, mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Kaka yako alifariki lini?"

Wifi alivuta kigoda, akakaa, akaweka mikono miwili juu ya mfuko wenye simu.

Alieleza kwa sauti kavu, kama mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mara nyingi kichwani. Kaka aliotwa na uvimbe kooni mkewe akiwa keshaondoka. Wakampasua, uvimbe ukatoka, na sauti ikatoka nao. Kaka mwenyewe ndiye aliyemwandikia mkewe kwamba hawezi tena kuongea, na kwamba hataki aonekane kwenye simu akiwa na tundu shingoni, atamwona akija. Akawa anaongea kwa ule ubao. Halafu uvimbe ukarudi. Wakampeleka hospitali ya mji mwingine, hakutoka huko akiwa hai, na wakamzika nyumbani kwa wazazi. Wiki hiyohiyo mama yake mwokaji alikuwa anapigania pumzi. Wakubwa wa familia wakakaa, wakasema kifo hakisemwi kwenye simu. Aambiwe uso kwa uso, akiwa na mtu wa kumshika. Kati yao hakuna aliyekuwa na pasipoti, achilia mbali nauli. Basi wakakubaliana ataambiwa akirudi, na wote waliojua wakaapishwa kunyamaza.

"Nilikuwa na simu yake tu, kwa ajili ya kuwajulisha watu," wifi alisema. "Usiku wa kwanza ukaingia ujumbe. Anamuuliza, umekula? Nikaona nikinyamaza atajua. Nikajibu, nimekula. Neno moja. Nikasema kesho nitanyamaza."

"Na mama yake alipofariki?"

"Akasema anakuja. Nikamwona anatoka kuzika mama, anashuka kwenye ndege, ananiuliza kaka yangu yuko wapi. Nikamwandikia asubiri kidogo, apoe. Kila aliposema anakuja niliuogopa uso wake. Si kwamba nilitaka asirudi. Nyumba hii naifuta kila siku kwa ajili yake."

"Ulijua kuhusu mwaka mmoja?"

"Mwaka gani?"

Bi Kwanini alimweleza. Alimweleza polepole, kibali cha kurejea ni nini, na kinachompata mkazi wa kudumu akipitisha mwaka bila hicho kibali. Wifi alisikiliza huku uso ukibadilika rangi.

"Mimi nilidhani ukazi wa kudumu ni wa kudumu," alisema.

Bi Kwanini alimwambia kwamba wifi yake yuko uwanja wa ndege tangu asubuhi, na kwamba ndege ya kumrudisha inaondoka jioni. Nyumba kubaki yake, hilo ameliona kwa macho. Lililobaki ni kilichomzuia kurudi, na kilichomzuia kimekaa hapa kwenye kigoda, kimevaa aproni. Wifi akitoa ushahidi, mwokaji anaingia. Asipotoa, mwokaji anarudishwa.

"Nikimwambia nitakuwa nimemuua."

"Usipomwambia anarudi alikotoka leo, anasubiri ujumbe wa marehemu, na hata kaburi hatalifikia."

Wifi aliomba jambo moja. Je, afisa hawezi kuandika sababu kwenye jalada, akamruhusu apite, halafu yeye amwambie nyumbani, taratibu, siku kadhaa baadaye? Bi Kwanini alitikisa kichwa. Maelezo ya shahidi lazima asomewe mwenye kesi, na mwenye kesi asaini. Hiyo ilikuwa sheria, na kwa mara hiyo alishukuru kwamba sheria ipo.

"Tena hata isingekuwepo," alisema, "sitaki kuwa mtu wa pili kumwandikia kwa jina la mume wake."

Wifi alichukua cheti cha kifo kabatini, akakitia mfukoni pamoja na simu. Kisha akatoka uani, akaanza kuanua mashati, ingawa mawili yalikuwa bado mabichi. Alisema asije akayaona kambani kabla hajaambiwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa dirishani kwake. Bi Kwanini alimtazama mpaka pazia likashuka.

Njiani, karibu na uwanja wa ndege, Bi Kwanini aliona afadhali wifi alijue jambo moja sasa kuliko kulikuta kule.

"Amemletea kengele," alisema. "Ndogo, ya mkononi. Asubuhi sikuelewa."

Wifi naye hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa, akajifunika uso kwa aproni. Mume asiye na sauti, amelala chumbani, na mke yuko jikoni. Angemwitaje?

Katika chumba cha mahojiano mwokaji alikuwa bado kwenye kiti kilekile, begi miguuni. Karatasi ya kuukana ukazi ilikuwa mezani, haina saini. Alipomwona wifi yake mlangoni alisimama, na uchovu wote ukamtoka.

"Wifi! Umekonda hivyo? Nani anakula unga wangu?" Alimkumbatia, akachungulia nyuma ya bega lake, kwenye korido. "Wamekwenda kuwasumbua bure. Yuko garini? Asitoke, mimi nitamfuata. Nina kitu chake."

Alishainama kwenye begi. Aliitoa ile soksi, akaifungua, akaubana ulimi wa kengele kwa vidole isilie, akainuka akicheka. Wifi alikuwa amesimama palepale. Midomo yake ilifunguka, ikafungika.

"Nawe wifi, umepasuliwa koo?" mwokaji alimtania.

Bi Kwanini alikuwa amewahi kuwapa watu habari mbaya nyingi katika chumba kile, na alijua kwamba uso hauanguki mara moja. Kicheko kilimtoka mwokaji machoni kwanza, kikabaki mdomoni peke yake, halafu na mdomo ukakiacha. Alimtazama wifi, akamtazama afisa, akaitazama ile aproni ambayo mtu hatoki nayo nyumbani kama ametoka kwa heri.

"Lini?"

"Wiki ile mama alipozidiwa," wifi alisema. "Wifi, nisamehe. Tulisema usibebe misiba miwili."

Mwokaji alikaa. Kengele alikuwa ameikaza kiganjani. Alikaa hivyo, anatafuta kitu nyuma sana, na kila alipokipata alikisema kwa sauti ndogo.

"Na aliyeniambia nilie tu, nisijizuie, tulipomzika mama?"

"Mimi."

"Na mabomba?"

"Mimi."

"Na lala salama?"

"Hiyo ni yake, niliisoma kwenye ujumbe wake wa zamani. Nikaendelea nayo."

Mwokaji alitikisa kichwa kukubali, kama anayesikiliza maelekezo ya njia. "Mimi nilikuwa namshukuru Mungu," alisema. "Nasema sauti imekwenda, lakini mume ninaye."

Aliiacha kengele mezani, akainuka ghafla, mkono juu, na Bi Kwanini akajua anakwenda kumpiga. Wifi naye alijua, wala hakukwepa. Mkono ulishuka ukaishika aproni kifuani, ukaikunja, na mwokaji akaweka uso wake mle akalia. Alilia kwa sauti ya mtu anayemlilia marehemu wa leo, maana kwake alikuwa wa leo. Wifi alimshika. Ndicho walichokubaliana wakubwa wa familia, awepo mtu wa kumshika.

Mkuu wa zamu alifungua mlango, akaona, akashusha sauti. Ndege inafunga milango. Anaingia au anarudi?

"Anaingia," Bi Kwanini alisema.

"Kwa nini?"

Ilikuwa mara chache mtu kumuuliza yeye swali hilo. Alimkabidhi cheti cha kifo na simu ya marehemu. "Alizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Na kwake kumebaki kwake. Nimeona mwenyewe."

Mkuu wa zamu alisoma tarehe ya cheti, akafungua ujumbe wa mwisho kwenye simu, wa jana. Aliichukua karatasi ya kuukana ukazi mezani, akaikunja mara mbili, akatoka nayo.

Mengine yalikuwa utaratibu. Bi Kwanini aliandika maelezo ya wifi, akayasoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, na mwokaji akasaini kila ukurasa bila kuangalia. Aligongewa muhuri. Aliambiwa yuko huru kukaa, na kwamba ukazi wake haujaguswa. Aliitikia asante. Wifi alibeba begi, na kengele ilibaki mezani, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa.

Mlangoni mwokaji alisimama.

"Nguo zake mmegawa?"

"Hata moja," wifi alisema upesi. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jambo jema la kusema. "Ziko zote. Mashati yake yote nimekutunzia. Nayafua kila wiki."

Mwokaji alimtazama wifi yake bila hasira yoyote.

"Usingeyafua, wifi," alisema. "Ungeniachia hata moja lenye jasho lake."